Kaa Kwanza Kwenye Kiti: Kupamba Meza ya Sikukuu kwa Chenji Iliyobaki

Pesa ya kupamba meza huwa ya mwisho kukumbukwa. Chakula kimeshanunuliwa, watoto wameshavalishwa, nauli za wanaosafiri zimeshatengwa, ndipo mtu anaitazama meza na kuuliza, "Na hapa je?" Kwetu swali hilo limekuwa likiniangukia mimi mwaka nenda mwaka rudi, na wakati huo kinachobaki mfukoni ni chenji tu. Silalamiki. Mwenye pesa hununua kwanza ndipo akafikiri. Sisi wengine hatuna budi kuanza na kufikiri, na meza zetu hazikosi chochote kwa hilo.

Cha kwanza ninachofanya ni kuvuta kiti na kukaa. Kisha nahamia kiti cha pili, cha tatu, hadi nizunguke meza nzima. Watu nyumbani wamezoea, hawaniulizi tena.

Wengi wetu hupamba tukiwa tumesimama. Tunazunguka meza, tunarudi nyuma hatua mbili, tunainamisha kichwa upande, tunapiga picha kutoka juu. Lakini mgeni hatasimama. Ataingia, atatupa jicho mara moja, kisha atakaa na kuitazama meza ile kwa saa mbili tatu akiwa kitini, macho yake yakiwa kama sentimita 45 tu juu ya ubao. Ukikaa pale alipokaa yeye, mambo hubadilika. Chombo cha maua kilichokuwa kizuri ulipokuwa umesimama sasa kimemfunika mtu wa mbele yako. Taa ya darini inakupiga machoni. Pindo la kitambaa linakukwaza magoti. Na lile pambo ulilohangaika nalo katikati ya meza halionekani kabisa, limezibwa na bakuli.

Shangazi yangu mmoja hana subira na mapambo ya kuziba watu. Sikukuu moja nyumbani kwa ndugu yetu alikalishwa mbele ya chombo kirefu kilichofurika maua. Akajaribu kuzungumza na wifi yake aliyekaa ng'ambo. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto, mwishowe akanyanyuka, akakibeba chombo kizima na kukiweka sakafuni nyuma ya kiti chake. "Mwanangu," akamwambia mwenye nyumba, "maua nitayaaga nikiondoka. Huyu mtu sijamwona tangu mwaka jana." Hakuna aliyethubutu kukirudisha.

Kipimo ninachotumia hakihitaji rula. Egemeza kiwiko mezani, simamisha mkono, kunja ngumi. Kitu cha katikati ya meza kisipite ngumi hiyo. Kwa watu wazima wengi ni sentimita 30 na kidogo, na bado macho yanabaki huru. Vinavyoruhusiwa kupita hapo ni vyembamba tu: mshumaa mwembamba, tawi moja lenye majani machache. Ukijua hilo umeshaokoa pesa, kwa sababu vyombo virefu na mashada makubwa ndivyo vinavyokula bajeti.

Hesabu nyingine ninayoifanya nikiwa nimekaa ni ya nafasi. Mtu mmoja anahitaji upana wa sentimita 60 hivi ili asigongane kiwiko na jirani. Kwa kina, sahani ya chakula ina sentimita 27 hivi. Ukiongeza glasi iliyo mbele yake, mtu anachukua karibu sentimita 40. Sasa chukua meza yenye upana wa sentimita 90, watu wakikaa pande mbili. Arobaini huku, arobaini kule, unabakiwa na sentimita 10 katikati. Kumi! Hapo ndipo watu hutaka kuweka maua, mishumaa, mabakuli, birika, na kitambaa cha mapambo juu yake. Haiwezekani, na ndiyo maana meza nyingi za sikukuu huonekana zimevurugika kabla hata ya mtu kula.

Suluhisho letu ni meza ya pembeni. Dawati la mtoto, stuli mbili na ubao juu yake, kabati fupi, chochote kinachofika kiunoni. Kifunike kwa shuka, mabakuli yote yakae huko. Meza kuu inabaki na sahani, glasi, na ule ukanda mwembamba wa katikati. Na ukanda wa sentimita 10 au 15 haugharimu kitu kuupamba.

Sasa kitambaa. Hapa nitakawia kidogo, maana ikiwa una pesa ya jambo moja tu, au nguvu ya jambo moja tu, iende kwenye kitambaa. Meza iliyofunikwa kwa kitambaa safi, kilichonyooka, chenye rangi moja, imeshapambwa hata kama juu yake hakuna kingine.

Vitambaa vinavyouzwa kama vya meza vina bei yake, hasa siku za sikukuu zinapokaribia. Shuka la kitanda la pamba, jeupe au la rangi moja iliyotulia, hufanya kazi hiyo hiyo. Pima urefu wa meza, ongeza sentimita 25 kila upande kwa ajili ya kuning'inia; kwa hiyo meza ya sentimita 180 kwa 90 inataka kitambaa cha 230 kwa 140. Shuka la kitanda cha watu wawili linatosha na linabaki. Kinachozidi kikunje kwa chini, usikate. Kikining'inia sana kitawavuta watu magotini, na mtoto mmoja akisimama ghafla, vyombo vyote vinamfuata.

Kinachomsaliti mtu aliyetumia shuka ni mikunjo ya pasi. Ile misalaba iliyobaki baada ya shuka kukunjwa kabatini huonekana kutoka mlangoni, na mgeni anajua mara moja kwamba hili lilikuwa kitandani. Ninachofanya ni kupiga pasi juu ya meza yenyewe. Natandika blanketi zito mezani, natandaza shuka likiwa bado na unyevunyevu, yaani halijakauka kabisa kambani, nampa mtu ashike upande wa pili na kuvuta, kisha napitisha pasi ya moto kutoka katikati kwenda pembeni. Pamba yenye unyevu hunyooka vizuri kuliko iliyokauka ikarushiwa matone. Blanketi naliacha hapo hapo chini, ila nahakikisha limenyooka na haliteleze. Lina faida mbili: sahani hazitoi kelele zikiwekwa, na kitambaa kinaonekana kizito, cha bei kuliko kilivyo. Baada ya hapo kitambaa hakikunjwi tena.

Juu ya shuka naweka ukanda wa kitambaa katikati, kutoka kichwa cha meza hadi mwisho wake. Huu ndio unaoleta rangi. Mafundi cherehani huwa na mabaki, vipande virefu vyembamba visivyotosha nguo, na ukiongea nao vizuri wanakupa kwa bei ndogo au bure. Sina cherehani, na sihitaji. Kipande cha kitambaa cha kufuma cha kawaida, pamba au kitani, unaweza kukimaliza kwa mikono. Ili kukikata kwa mstari ulionyooka, shika uzi mmoja pembeni kwa ncha ya sindano, uvute taratibu mpaka uchomoke urefu wote. Utaacha njia nyembamba katikati ya nyuzi, inayoonekana ukiinua kitambaa kwenye mwanga. Kata kwa kufuata njia hiyo. Mkasi haupotei. Kisha kwenye kila ncha endelea kuchomoa nyuzi za kukingama, moja baada ya nyingine, hadi upate matamvua ya sentimita mbili. Kazi hii ni ya kufanywa jioni huku mnapiga soga, na watoto wakubwa wanaipenda. Haifai kwa kitambaa cha fulana au chochote kinachovutika. Hicho hakina nyuzi za kuchomoa, kitajikunja tu.

Rangi nazo: mbili, na nyeupe. Basi. Kila mwaka kuna mtu anayenisihi niongeze ya tatu. Tatizo la mapambo ya bei rahisi ni kwamba kila kimoja kinapiga kelele peke yake, kinang'aa, kina maua, kina mistari, na vikikutana mezani hakuna kinachosikika. Nachagua rangi kutokana na kitu kilichopo tayari nyumbani na ambacho hakiwezi kubadilishwa, mara nyingi viti au pazia, kisha nakataa vingine vyote hata kama ni vya bure.

Sahani zisizofanana hazinisumbui hata kidogo. Hakuna nyumba ya kawaida yenye sahani kumi na mbili za seti moja zisizo na ufa. Siri yake ni mpangilio. Sahani sita nyeupe zikiwa upande mmoja na sita za maua upande mwingine zinaonekana kama upungufu. Zikipishana, nyeupe, maua, nyeupe, maua, kuzunguka meza, watu hudhani ulikusudia. Glasi hivyo hivyo. Uma kushoto, kisu kulia na makali yake yakitazama sahani, kijiko nje ya kisu, glasi juu ya ncha ya kisu. Vyote vikae umbali ule ule kutoka ukingo wa meza. Natumia upana wa vidole viwili. Vyombo vya kuokoteza vikipangwa kwa mstari mmoja vinasameheka. Glasi nazisugua kwa maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, nazikausha kwa kitambaa kisichotoa manyoya, kwa sababu chini ya mwanga wa mshumaa alama za vidole huonekana kuliko mchana.

Kwa maua natumia chupa ndogo na mitungi ya vioo iliyokuwa na vitu vya jikoni. Nazikusanya tangu miezi kabla. Kuondoa karatasi zake: loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni nusu saa, karatasi inatoka. Gundi inayobaki ikinata, pakaa mchanganyiko wa mafuta ya kupikia na magadi, iache kidogo, sugua, osha. Usiruke hatua hiyo. Chupa yenye mabaki ya gundi itanasa vumbi na kila mtu ataijua ilikotoka.

Fungu moja dogo la maua likigawanywa kwenye chupa tano au saba, moja moja au mawili mawili, linafika meza nzima; likiwekwa pamoja kwenye chombo kimoja linakuwa fungu dogo tu. Kata mashina kwa mshazari, ondoa majani yote yatakayozama, weka maji safi, na yabadilishe kesho yake. Majani yaliyozama huoza, maji yanakuwa mazito, na harufu yake mezani haifichiki. Na kama maua hayapo, majani yanatosha. Wala sioni kama ni kupungukiwa. Meza ya kijani na nyeupe ina utulivu wake. Ila yajaribu siku moja kabla. Yenye ngozi nene hukaa hata bila maji usiku mzima. Mororo hunywea ndani ya saa moja, na meza inafanana na bustani iliyosahauliwa. Yaoshe, yatikise, wadudu hawahitaji mwaliko.

Kuna mimea ninayoikataa mezani. Oleanda, kile kichaka chenye maua ya waridi au meupe kinachopandwa sana kwenye nyua na kando ya barabara, kina sumu kila sehemu yake, majani, maua na utomvu. Hakipaswi kukaribia chakula, sembuse watoto. Lili nazo zina harufu kali inayogombana na ya chakula, na chavua yake ya rangi ya kutu hutia doa baya. Ikianguka kwenye kitambaa usifute wala usitie maji. Ibandue kwa utepe wa gundi.

Baada ya kitambaa, kinachobadilisha meza kuliko vyote ni mwanga, na watu wengi hawaufikirii kabisa kwa sababu hauuzwi kwenye rafu za mapambo. Taa nyeupe kali ya darini huonyesha kila doa na kuwafanya watu waonekane wagonjwa. Izime. Leta taa ya mezani kutoka chumba cha kulala, iweke pembeni, na kama utanunua kitu kimoja mwaka huo, nunua balbu yenye mwanga wa joto; kwenye boksi huandikwa 2700 au 3000 ikifuatiwa na herufi K. Zenye 5000 kwenda juu ni za karakana. Kioo kikisimamishwa nyuma ya taa hiyo au ya mishumaa, mwanga unaongezeka bila senti.

Mishumaa mingi midogo ndani ya glasi hunipendeza kuliko mikubwa miwili. Mchanga kidogo chini ya glasi huishika isiyumbe. Iwe isiyo na manukato. Harufu ya kutengenezwa na harufu ya chakula haziwezi kukaa meza moja. Kabla ya kuwasha kata utambi ubaki milimita 6 hivi, kwani utambi mrefu hutoa moshi na kuacha masizi kwenye glasi. Iweke mbali na dirisha lililo wazi, feni na njia ya mikono. Majani makavu, riboni na karatasi visiwe karibu na moto, hata kama ndivyo inavyoonekana kwenye picha nzuri nzuri. Wanaopiga picha zile huzima mishumaa wakimaliza, sisi tunakula. Penye watoto wadogo nachagua taa ndogo za betri, lakini nakagua kifuniko cha betri kwanza. Zile betri bapa za duara, mtoto akizimeza, zinaweza kumuunguza koo kwa muda mfupi sana. Kifuniko kisicho na skrubu, taa hiyo hairuhusiwi mezani kwetu.

Leso za mezani natengeneza kwa shuka la zamani ambalo katikati limechakaa lakini pembeni bado zima. Vipande vya mraba vya sentimita 45, matamvua kama yale ya ukanda, vimekunjwa tu mara tatu na kuwekwa juu ya sahani. Kukunja leso kuwa ndege au ua sitaki. Mtu anaogopa kuifungua, au anajiuliza imeshikwa na mikono mingapi. Pete za leso kutoka kwenye bomba la karatasi ya chooni, hata ukilizungushia utepe wa dhahabu, linajulikana.

Vumbi la kung'aa nalo silikubali. Linaingia kwenye chakula, linakaa kwenye mbao hadi mwaka ujao, na anayelipangusa si aliyelinunua. Rangi ya kupuliza ya dhahabu napaka matawi makavu ya pembeni tu, kamwe si sahani, glasi, wala kitu kitakachogusana na chakula.

Meza naipanga usiku wa kuamkia sikukuu. Glasi nazigeuza midomo chini, nafunika kila kitu kwa shuka jingine, asubuhi kazi iliyobaki ni maua na kugeuza glasi. Asubuhi ya sikukuu hakuna mtu mwenye subira ya kunyoosha uma, na ukijaribu mtagombana.

Nta ikidondoka kwenye kitambaa iache igande, hata kwa kuigusisha barafu, ikwangue kwa mgongo wa kisu, kisha weka karatasi ya kunyonya juu na chini ya doa na upitishe pasi ya vuguvugu, ukihamisha karatasi kila inapolowa. Mishumaa ya rangi inaweza kuacha kivuli cha rangi hata nta ikitoka yote, ndiyo maana yangu ni myeupe.

Wiki inayofuata sikukuu ndiyo wiki yangu ya kununua. Mishumaa, utepe, leso za karatasi, vyote vinashushwa bei kwa sababu muuzaji hataki kuvihifadhi. Nachukua vya rangi moja visivyo na maandishi wala mwaka, vitakavyofaa sikukuu yoyote, hata harusi. Vinaingia kwenye boksi moja pamoja na chupa zilizooshwa, utepe uliozungushwa kwenye kipande cha kadibodi usijikunje, na ukanda wa katikati uliozungushwa kwenye bomba badala ya kukunjwa.

Boksi hilo sasa huazimwa na nusu ya ukoo. Masharti ni yale yale kwa wote, na wifi yangu anayajua kwa moyo: ukanda urudi umefuliwa, chupa zirudi zimekauka, na mshumaa uliobaki kipisi urudi hivyo hivyo kipisi, usitupwe. Vipisi nikivijaza kopo nitaviyeyusha polepole, kopo likiwa ndani ya sufuria ya maji, nipate mishumaa mipya ya sikukuu inayofuata.